Nilifika Morogoro Alhamisi, treni nikapanda Jumamosi

Safari hii ina vipande viwili. Cha kwanza ni wiki moja ya kwenda kazini na kurudi, Kibamba hadi Posta, Dar es Salaam, kuanzia Jumatatu tarehe 14 Julai 2025. Cha pili ni Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, nilipopanda treni ya SGR kwenda Morogoro. Nimeandika baada ya kurudi nyumbani, nikitumia daftari dogo ninaloweka kwenye mkoba, picha za simu na karatasi moja ya hesabu ambayo sasa imechakaa kwenye mikunjo.

Wazo lilitoka kwenye ramani ya simu. Kutoka mlangoni kwangu hadi mlango wa ofisi ni kilomita 28. Kwenda na kurudi ni 56, na kwa siku tano ni 280. Dar hadi Morogoro kwa barabara ni kilomita 190 na kitu. Maana yake kwa miaka minne sasa, kila wiki, nimekuwa nikienda mbali kuliko Morogoro na sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Mtu akienda Zanzibar siku mbili anarudi na picha mia. Mimi niliyeuona Ubungo mara elfu mbili sina hata moja.

Basi nikajiwekea masharti mawili. Pesa ya bodaboda nisiyoitumia inaingia kwenye kibubu siku hiyo hiyo. Na bando la siku, lile la shilingi 1,000 ninalonunua ili nisikilize podikasti njiani, silinunui. Pesa yake nayo inaingia kibubuni.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetoka saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu ni kilomita moja na nusu kasoro, njia ya vumbi, na katikati kuna mteremko ambao mvua za masika ziliuchimba vibaya. Siku zote boda hunipeleka kwa 1,000. Leo nimetembea, dakika 18.

Giza lilikuwa bado zito. Kwenye kona ya yadi ya mbao mlinzi alinimulika kwa tochi, nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo boda hawapo?"

"Wapo. Nimeamua tu kutembea."

Hakuuliza zaidi. Alitoka kwenye kibanda chake, akanimulikia njia mpaka ukuta wa yadi unapoishia, kisha akarudi. Wiki nzima, kila alfajiri niliyopita kwa miguu, alifanya vivyo hivyo. Kama kuna kitu kilinifanya nisiache siku ya pili, ni ile tochi.

Daladala Kibamba hadi Kimara, 700. Barabara yenyewe ni pana: kutoka Kimara hadi Kibaha ni kilomita 19.2 za njia nane, na alfajiri gari linateleza juu yake kama liko peke yake duniani. Shida huanza mbele, magari ya njia zote hizo yanapotaka kupita kwa pamoja. Kimara nikahamia mwendokasi, 750, hadi Posta ya Zamani. Mabasi hayo yalianza kubeba watu Mei 2016, na nakumbuka wiki za mwanzo watu walivyokuwa wakipanda kwa kutembea tu, wakashuke Kivukoni, wapande tena warudi.

Masikioni nilikuwa na podikasti ya mambo ya fedha. Msemaji alieleza kanuni ya kujilipa kwanza: mshahara ukiingia, tenga akiba kabla hujamlipa mtu yeyote. Hapo nilikubaliana naye. Baadaye akaanza kuorodhesha matumizi ya kukata: kahawa ya hotelini, chakula cha kuletewa, vifurushi vya filamu. Nikangoja aitaje nauli. Kipindi kikaisha.

Nilikasirika kweli, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nitoe karatasi. Nauli yangu ni 1,450 kwenda na 1,450 kurudi, yaani 2,900 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 63,800. Ukiongeza boda za 2,000 kwa siku, inakuwa 107,800 kwa mwezi. Kodi ya nyumba naijua kwa kichwa, umeme naujua, hata makato ya Bodi ya Mikopo kwa deni langu la chuo nayajua, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yanaondoka kabla sijauona. Lakini hii ya laki moja na ushee sikuwahi kuijua, kwa sababu inatoka sarafu kwa sarafu, mkononi mwa konda, huku nikiwaza mambo mengine.

Kwenda: saa 1 na dakika 55. Kurudi: saa 2 na dakika 10. Kibubuni: 3,000.

*Kwa anayesikiliza njiani:* pakua vipindi usiku kwenye waifai ya ofisini au ya nyumbani. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa moja. Ukichagua ubora wa kilobiti 64, inashuka hadi 29, na kwa maongezi ya watu wawili hutasikia tofauti ndani ya basi linalonguruma. Mimi husikiliza kama saa tatu kwa siku. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 860 kwa wiki zilizokuwa zikitoka kwenye bando bila sababu yoyote. Muziki ni jambo jingine; muziki uachie ubora wake.

Jumanne, 15 Julai

Siku hii nataka kuiandika polepole.

Kimara nilipata kiti, jambo la nadra. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye ndoo mbili tupu zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, kanga ameifunga kiunoni, anaelekea Feri kwenye mnada wa samaki. Nilimwamkia, akaitikia, akafumba macho. Nikajua analala. Tulipofika Shekilango akasema, macho bado yamefumbwa, "Hiyo unayosikiliza ni taarabu?"

"Hapana mama, ni mazungumzo. Wanaeleza namna ya kuweka akiba."

Akafumbua macho. "Hebu."

Nikampa upande mmoja wa hedifoni. Tukasikiliza pamoja, Urafiki, Tip Top, Manzese, Kagera. Mle ndani watu wawili walikuwa wakibishana kama mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuweka akiba ya dharura ya miezi mitatu. Mama alisikiliza kwa makini kabisa, kichwa kimeinama upande wangu kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Tulipofika Mwembechai akauchomoa, akanirudishia, akaufuta kwanza kwa kanga.

"Wanasema vizuri," akasema. "Ila hawajasema nani atamzuia."

Nikamuuliza nani amzuie nani.

Akanieleza mchezo wake. Wako wanawake 12, wote wauza samaki wa kukaanga. Kila siku kila mmoja anatoa 5,000, na mmoja wao anaondoka na 60,000. Siku ya kumi na mbili mzunguko umekamilika, wanaanza upya. Nikasema, kwa ujuzi wangu wa podikasti, kwamba mchezo hauna riba. Unatoa 60,000 kwa siku 12 na unapokea 60,000 hiyo hiyo.

"Haunipi hata senti," akakubali. "Mimi sitafuti senti. Mchezo unanikataza kula pesa. Elfu tano ikikaa kwangu inaisha, sijui imeishia wapi. Ikikaa kwa wenzangu, naijua ilipo. Na nikikosa siku moja, watu kumi na moja wananiuliza. Wewe hiyo yako," akaigusa simu kwa kidole, "ukikosa, inakuuliza?"

Sikuwa na jibu, na hakulihitaji. Pale Kisutu akaanza kujiandaa kushuka ingawa anashuka Kivukoni, mwisho kabisa. Mimi niliposhuka Posta ya Zamani akanishika mkono, akaniombea kazi njema. Jina sikumuuliza.

Nilifikiria maneno yake siku nzima, na nadhani ameona kitu ambacho vipindi kumi na tano vya fedha nilivyosikiliza mwaka huu havijakigusa. Makato ya Bodi yananiuma mara moja kwa mwezi na siwezi kuyala, kwa hiyo deni linapungua. Mchezo ni makato ya mtu asiye na mwajiri. Mwenye mshahara anakatwa kwa sheria. Mama wa Feri anakatwa na macho ya wenzake kumi na mmoja.

Kwenda: saa 1 na dakika 40. Kurudi: saa 2 na dakika 5, nimesimama njia nzima. Kibubuni: 6,000.

*Kuhusu kifungua kinywa:* upande wa Kivukoni, mama ntilie wa asubuhi wana chapati na supu, na ukiwahi kabla ya saa moja unakula umekaa.

Jumatano, 16 Julai

Asubuhi haina la kusimulia. Saa 1 na dakika 50.

Jioni ndiyo yenye habari. Lori la mizigo lilikuwa limeharibika tairi baada ya Mbezi, limelala mkao wa kukata njia mbili, na nyuma yake foleni imerudi hadi nisikoweza kuona. Daladala ikazima injini. Ikawa saa mbili usiku, ikawa na nusu. Vipindi nilivyopakua vikaisha vyote. Nikanunua bando, 1,000, nimpigie mdogo wangu kwa video asiwe na wasiwasi, na hapo nikavunja sharti langu la pili.

Dereva alikuwa kijana, lakini alichokiwasha kwenye redio hakikuwa cha umri wake. Lilikuwa gitaa la zamani, lile linaloanza mbali kama mtu anayebisha hodi taratibu, halafu la pili linajibu. Gari zima likatulia. Mzee mmoja kiti cha mbele, mwenye baraghashia, akasema kwa sauti, "Huyo ni Mbaraka!"

Konda akauliza Mbaraka gani. Mzee akageuka na kuturudi sote kama darasa. Mbaraka Mwinshehe, akasema, mtoto wa 1944, gitaa la solo la Morogoro Jazz Band. Mwaka 1973 akaondoka akaunda bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 gari likamuua Mombasa akiwa na miaka 34. Na kabla yake, mji huo huo wa Morogoro ulikuwa na Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye gari likamuua, 1965.

"Wote barabarani," akasema mwanamke wa nyuma yangu.

"Wote barabarani," mzee akaitikia, na kwa muda hakuna aliyeongeza neno. Nje taa nyekundu za magari zilikuwa zimetandazwa hadi juu ya kilima.

Kisha wimbo mwingine ukaanza, mzee akaimba kiitikio, na wawili watatu wakamfuata. Nimepanda daladala maisha yangu yote na sijawahi kusikia abiria wakiimba pamoja bila kuwa na msiba au harusi. Muziki wa hedifoni naupenda, nausikia vizuri zaidi kuliko ule wa spika mbovu ya daladala. Lakini ule wa hedifoni hauwezi kufanya hivi. Mtu kumi na wanane waliokasirika walikaa saa nzima gizani na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Nikafika Kibamba saa tatu na nusu usiku. Giza, nimechoka, nikapanda boda, 1,000. Kurudi: saa 3 na dakika 20. Kibubuni iliingia 1,000 tu, ya asubuhi. Jumla 7,000.

Usiku huo, kabla sijalala, niliamua kwamba Morogoro ya kwenye karatasi haitoshi.

Alhamisi, 17 Julai

Nilipoingia mlango wa ofisi asubuhi hii nilikuwa nimetimiza kilomita 196 tangu Jumatatu. Kwa hesabu ya barabara nimefika Morogoro. Nilisimama kidogo kwenye ngazi nikapiga picha. Imetoka picha ya ngazi, lakini nimeihifadhi.

Mchana nikatembea hadi Stesheni kukata tiketi ya Jumamosi. Daraja la kawaida Dar hadi Morogoro, 13,000. Kibubu kilikuwa na 7,000 na leo kimeongezeka 2,000, ile ya kutembea asubuhi na ile ya bando, jumla 9,000. Zilizobaki 4,000 nilijikopesha kutoka kwenye pochi na nikaliandika deni kwenye daftari, na tarehe yake. Najua ni pesa yangu kwa pesa yangu. Ila nilikuwa nimemsikiliza mama wa Feri, na nilitaka kuwe na kitu cha kuniuliza.

Njiani kurudi jioni nilipiga hesabu ndefu zaidi. Ningetembea kila siku, boda pekee ni 44,000 kwa mwezi. Hati fungani za serikali, yaani pesa unayoikopesha serikali kwa riba, huuzwa na Benki Kuu na huanzia shilingi milioni moja. Kwa 44,000, mwezi wa 23 nina 1,012,000, yaani hati moja ya chini kabisa, inayolipa riba mara mbili kwa mwaka. Na kuna ile kanuni ya 72 ambayo karibu kila podikasti ya fedha huitaja: gawanya 72 kwa riba ya mwaka, utapata miaka ambayo pesa itajizidisha mara mbili kama riba nayo unairudisha ndani. Kwa riba ya asilimia 12, miaka sita. Nilikaa nikizitazama namba hizo kuanzia Magomeni hadi Ubungo, chini ya barabara za juu za Kijazi, na zilinitia moyo sana. Hati moja kutokana na dakika 18 za miguu!

Kisha nikapiga hesabu ya upande wa pili, kwa sababu sitaki kujidanganya. Boda ni dakika nne. Kutembea kunanila dakika 14 zaidi kila mara, karibu nusu saa kwa siku, zaidi ya saa kumi kwa mwezi. Hizo nazo ni pesa, ila hakuna benki inayozipokea.

Kwenda: saa 1 na dakika 45. Kurudi: saa 1 na dakika 55. Nimelipa deni 1,000, limebaki 3,000.

*Kwa atakayepanda treni:* nunua mapema, hasa za mwisho wa wiki. Beba kitambulisho, na siku ya safari fika mapema kwa sababu mizigo inakaguliwa na treni haisubiri kama basi.

Ijumaa, 18 Julai

Nilichelewa kuamka, kikao saa mbili, boda. Jioni nilitembea. Saa 1 na dakika 35 kwenda, saa 2 na nusu kurudi. Deni limebaki 1,000.

Nikajumlisha saa za wiki: 20 na dakika 45, kwa kilomita 280. Mwendo wa wastani ni kilomita 13 na nusu kwa saa. Mtu mwenye baiskeli nzuri angenipita.

Jumamosi, 19 Julai

Ili kupanda treni ya kwenda magharibi, mtu wa Kibamba anaanza kwa kwenda mashariki hadi mjini. Nilitoka saa tisa na nusu usiku. Mlinzi wa yadi alishangaa. "Jumamosi pia?" Nikamwambia nakwenda Morogoro. "Kwa miguu?" akauliza, na tochi ikatikisika kwa kicheko chake.

Treni iliondoka kwa dakika yake. Ni ya umeme, inaruhusiwa hadi kilomita 160 kwa saa, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni kile ambacho hakikuwepo: mngurumo. Nilikuwa nimepakua vipindi sita. Sikusikiliza hata kimoja. Vichaka vya Pugu vilipita, kisha bonde la Ruvu likiwa na ukungu juu ya maji, kisha Ngerengere, na muda wote mtoto wa kiti cha mbele akimwuliza baba yake kwa nini nguzo zinakimbia. Njia kuu ya hadi Morogoro ni kilomita 205. Tuliimaliza kwa saa 1 na dakika 45.

Niliangalia daftari. Alhamisi asubuhi nilitumia saa 1 na dakika 45 kutoka Kibamba hadi Posta.

Sijui kama nitaeleza vizuri nilivyojisikia. Sikuwa na wivu na treni. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa bei halisi ya kitu alichokuwa akinunua kila siku kwa miaka. Wajerumani walipoanza reli yao Dar mwaka 1905 iliwachukua hadi 1907 kuifikisha Morogoro, na kabla ya hapo mizigo ilikwenda vichwani mwa watu. Kila kizazi kina umbali wake ambao kimeambiwa hauwezi kufupishwa. Kwangu mimi ni zile kilomita 28.

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo panga nauli ya daladala au pikipiki hadi katikati. Milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa mawingu nusu, na hewa ya Julai ilinifanya nivae sweta kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nilikula sokoni, wali na maharage na mboga ya majani iliyochumwa asubuhi ile, 2,500, na muuzaji akaniongezea mboga bila kuombwa baada ya kusikia natoka Dar. "Huko mnakula majani ya juzi," akasema.

Nilikwenda nikitafuta muziki, bila kujua hasa natafuta nini. Fundi viatu mmoja mzee karibu na soko, nilipomtajia Morogoro Jazz, aliweka chini sindano yake. Alikuwa kijana mdogo enzi zile, akasema, hakuwa na kiingilio, kwa hiyo walikuwa wakisimama nje ya ukumbi na kucheza barabarani. "Ndani walilipa, nje tulicheza. Gitaa ni lile lile." Akanishonea ukanda wa mkoba uliokuwa umeanza kuchanika, na hakutaka pesa. Nilimwekea 1,000 chini ya kopo la gundi wakati anatafuta mkasi.

Nilirudi kwa basi kutoka Msamvu, 10,000, kwa sababu basi linapita kwangu. Hii ndiyo njia ninayomshauri mtu yeyote wa Mbezi, Kibamba au Kibaha: kwenda kwa treni, kurudi kwa basi, ushuke karibu na nyumbani badala ya kuipita hadi mjini na kurudi tena. Chalinze kulikuwa na foleni ya malori, Mlandizi nililala. Nilipoamka tulikuwa Kiluvya, na kwa mara ya kwanza nikaiona barabara yangu nikitokea upande mwingine, watu wakisubiri ng'ambo ile ninayosimama mimi kila alfajiri.

Nilishuka Kibamba jioni na mkungu mzima wa ndizi za Uluguru. Huwezi kutembea kilomita moja na nusu na mkungu wa ndizi. Pale kijiweni kijana anayenibeba kila siku akanyanyuka kabla sijamwita.

"Dada, wiki nzima umenikimbia. Nilidhani umehama."

Nikamwambia nilikuwa natembea, naweka akiba.

"Ahaa," akasema, akiufunga mkungu kwa mpira nyuma ya kiti. "Nilikuwa nakuhesabu, unajua. Wewe wa saa kumi na moja kasoro, na mwalimu wa saa kumi na mbili. Nyinyi wawili ndio mafuta yangu ya asubuhi."

Kwenye karatasi yangu kuna 44,000 kwa mwezi na hati fungani ya mwezi wa 23. Yeye hayumo popote kwenye ile hesabu, na shilingi 8,000 za wiki ile zilikuwa zimetoka kwake. Tulipanda mteremko ule mbaya taratibu kwa sababu ya ndizi, tukaipita yadi ya mbao, mlinzi akiwa ndiyo kwanza anafungua kibanda chake.

Nyumbani nilimlipa 1,000 na kumkatia vichana viwili. Tulikubaliana asubuhi natembea, jioni ananibeba. Kibubu bado kinanidai 1,000.